Kisumu Una Nani?

Nilipomwambia mama nakwenda Kisumu siku nne, hakuuliza nakwenda kufanya nini. Aliuliza, "Kisumu una nani?"

Sina mtu. Sina shangazi wala mkwe, wala rafiki tuliyesoma naye akaolewa huko. Kwa mama, na kwa wengi niliokua nao pale Bahati, safari ni mtu. Unakwenda kwa fulani: kuzika, kuposa, kumwona mtoto aliyezaliwa. Kwenda mahali ambapo hakuna anayekungoja steji ni jambo la watalii, au la mtu mwenye siri. Nikamweleza kwamba nina siku za likizo kazini, nisipozichukua kabla ya Juni kwisha zinapotea, na kwamba mtoto yuko bodingi. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Basi pita huku ubebe boga." Boga la kumpelekea nani, hakusema.

Nafanya kazi kwenye agrovet, duka la pembejeo za kilimo, mjini Nakuru. Kuanzia Machi hadi Mei sipumui: mbegu, mbolea ya DAP, dawa ya viwavi, mkulima anayetaka kukopeshwa, na mkulima anayeamini kwamba mbegu ya mwaka jana niliichanganya mimi mwenyewe usiku. Ikifika Juni mahindi yamefika magotini, mbolea ya CAN imeshawekwa, na bosi anakumbuka kwamba hata mimi ni mtu.

Jioni ya kuamkia safari nilipita kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, wale wanaotandika turubai chini. Kwa kawaida hapo utapata vitabu vya kudurusu mtihani wa KCSE, Biblia zilizochoka, na vile vya Kizungu vya kukufundisha kuwa tajiri, vinavyouzwa na mtu ambaye ni wazi hajavisoma. Katikati ya hivyo niliona riwaya moja ya Kiswahili, nyembamba, jalada limekunjika pembe. Jina lake nitalihifadhi.

"Mia na hamsini, madam. Hiki ni orijino."

Nikakifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri wa zambarau wa shule ya wasichana, na nambari ya sanduku la posta. Muuzaji akaegemeza kidole gumba juu ya muhuri, kama mtu anayeninyooshea tu karatasi.

"Hiki ni cha shule," nikamwambia.

"Kilikuwa cha shule," akasema. "Sahii kiko hapa."

Ningependa kuandika kwamba nilikirudisha chini nikaondoka. Nilichosema ni hiki: "Cha wizi siwezi kukununulia mia na hamsini." Akaguna, akatazama pembeni, akasema leta mia. Nikaleta. Yaani wizi wenyewe niliufanya kipunguzo cha bei.

Usiku, nikipanga nguo, nilisoma muhuri vizuri. Shule ilikuwa upande wa Vihiga, mbele kidogo ya Luanda. Kutoka Kisumu ni mwendo wa matatu moja na boda moja. Nikakitia kitabu kwenye mkoba kando ya boga, nikajiambia tutaona.

*

Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180, na anayekwambia ni saa tatu hajawahi kukwama nyuma ya malori ya Salgaa. Nilikaa dirishani, kitabu mapajani, na hadi Mau Summit sikusoma hata ukurasa. Kichwa changu hakivumilii herufi kwenye kona. Pale malori yanapoendelea kwenda Eldoret na sisi tunakata kushoto, gari lilikuwa na kelele za kawaida, redio na mabishano ya mpira. Tulipofika Londiani Junction dereva akapunguza sauti ya redio. Hakuna aliyemwambia. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo hapo likawapitia wafanyabiashara na abiria waliokuwa wakingoja magari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Sasa hivi mama mmoja alikuwa akiuza viazi na karoti kando ya barabara, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaninyooshea fungu la karoti dirishani. Nikatikisa kichwa. Nilijilaumu kwa karoti zile hadi Kericho, sijui kwa nini.

Kericho ni kijani mpaka macho yanachoka. Mashamba mengine ya chai yalikuwa na wachumaji wenye vikapu mgongoni, mengine yamekatwa sawasawa kama meza, na kwa hayo unajua ni mashine iliyopita. Baada ya Kapsoit barabara inaanza kushuka, joto linapanda, watu wanavua sweta mmoja mmoja, na ukifika Ahero mashamba ya mpunga yametanda pande zote, yangeyange weupe wamesimama majini kama wamepandwa. Hapo barabara imenyooka. Hapo ndipo nilipokifungua kitabu.

Kinamhusu mjane. Mume amekufa, shemeji anataka shamba, na hati ya shamba haionekani. Mjane anaitwa mbele ya baraza la wazee na anaapa kwamba hati iliungua jiko lilipowaka moto. Msomaji anajua ni uongo, kwa sababu kurasa tano nyuma tumemwona akiishonea ndani ya godoro. Hujaambiwa kwa nini. Unamwona tu akidanganya, tena vizuri, tena kwa machozi.

Na pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, mwandiko wa duara wa msichana wa shule: *Mwongo!!*

Alama mbili za mshangao. Nikacheka peke yangu hadi jirani yangu akanitazama. Kurudi nyuma nikaona kwamba penseli ilikuwa kila mahali. Maneno magumu yamepigiwa mstari. Kando ya maelezo ya mvua, *tashihisi*. Kando ya shemeji, *mnafiki*. Pale mtoto wa mjane anapougua, *maskini*. Na kila mara mjane akifungua mdomo, msichana wangu alikuwa hapo kama askari: *Si aseme ukweli tu! Mungu anaona. Hii itamrudia.*

Mie nina miaka 38 na nilikuwa upande wa mjane tangu ukurasa wa kumi. Tukaanza kubishana, mimi na penseli.

*

Kisumu nilikaa kwenye gesti ya Milimani, chumba chenye feni inayopiga kelele kama mtu anayehesabu. Asubuhi ya kwanza nilitembea hadi karibu na bandari. Reli hii hii inayopita kwetu Nakuru ndiyo iliyofika hapa Desemba 1901, mji ukaitwa Port Florence kwa jina la mke wa msimamizi aliyekuwa akitandika reli. Nilisimama pale na boga langu. Ndiyo, nililibeba. Mpishi wa gesti alikuwa amelikataa kwa adabu, akisema menyu haina boga.

Mchana nikaenda Dunga. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo upande mmoja, kijani cha kudanganya, ungedhani ni uwanja wa kuchezea mpira. Vijana wa mashua wakaniuliza niko na nani ili wajue bei. Nikasema niko peke yangu. "Peke yako kabisa?" Kabisa. Wakanionea huruma, wakapunguza.

Kwenye kibanda niliagiza samaki. Nilitaka ngege, ngege wameisha, dada akasema, kuna mbuta mdogo mzima wa kukaanga, mtamu. Akaja na sinia: samaki na nyanya na dania, ugali wa mtama pembeni, ndimu. Sasa, mbuta anatakiwa asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, ili apate walau kuzaa. Najua hilo kwa sababu tangazo lake tulibandikiwa zamani hata sisi tusio na ziwa la samaki. Nikakichukua kitabu changu nikakilaza kando ya sinia. Kitabu kina kama sentimita 20. Samaki hakufika vitabu viwili.

Nilimla. Nilimla wote hadi shavu, nikanyonya kichwa, nikaosha mikono kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Dada akaniuliza kama ni mtamu, nikamwambia kweli, alikuwa mtamu. Tone la mchuzi liliangukia ukurasa wa 74 na liko pale mpaka leo, karibu kabisa na neno *dhambi*, ambalo halikuandikwa kunihusu.

Jioni ile jua lilizama ziwani kama linavyozama kwenye kalenda, nami nikiwa nimeinamisha kichwa kitabuni. Ndilo jambo la ajabu kuhusu kusafiri na kitabu kizuri. Unalipa nauli na gesti ili ukaone ziwa, kisha unashinda umeligeuzia ziwa kisogo, unafuatilia godoro la mjane ambaye hayupo.

Lakini lile *Mwongo!!* lilianza kunichoma mahali pengine. Mwezi wa Machi alikuja dukani mzee mmoja kutoka pande za juu za Molo. Alitaka mbegu ya mahindi ya mfululizo wa 600, ile ya nyanda za baridi. Ilikuwa imekwisha, na mzigo mwingine ungekuja baada ya wiki moja. Mvua ilikuwa imeshaanza. Nilikuwa na ya 500, ambayo ni ya sehemu zisizo za juu sana. Akaishika pakiti, akaigeuza, hasomi vizuri bila miwani. Akaniuliza, "Hii itafika, mama?" Nikamwambia, "Itafika, mzee." Alinunua kilo sita. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu na hakuniambia niseme hivyo. Nilisema tu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na lile lilikuwa neno fupi.

Mjane wa kitabuni alikuwa na sababu. Nilikuwa na hakika ana sababu, ndiyo maana nilimtetea. Mimi yangu ilikuwa foleni.

Nilisoma hadi saa nane usiku, feni ikihesabu. Nikafika ukurasa wa 112, na kwenye ukurasa wa 113 hakukuwa na penseli. Nikafunua 114, 115, 120. Safi. Hakuna mstari, hakuna *tashihisi*. Nikadhani amechoka. Lakini huyu hakuwa mtu wa kuchoka. Alikuwa amemfokea mjane kwenye ukurasa wa 112 wenyewe, sentensi imekatika katikati: *Kama angekuwa mama yangu ninge*

Sababu ya mjane inatajwa ukurasa wa 131. Sitaisema, ila naweza kusema kwamba nilikiweka kitabu kifuani nikakaa. Na wazo lililonijia halikuwa la mjane. Huyu msichana hakufika hapa. Amemwita mwanamke huyu mwongo kurasa mia moja na kumi na mbili, na kitabu kikamponyoka kabla hajaambiwa.

Hapo ndipo dhamiri yangu ilipoamka, nami nimebakiza kurasa arubaini tu. Naiandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kama kitabu kingekuwa kibaya ningekirudisha siku ya kwanza na kujisifu.

*

Matatu ya Luanda inapita Maseno, pale kwenye alama ya ikweta, ambapo abiria wenzangu hawakuinua hata macho. Kutoka Luanda nikachukua boda. Nchi ya Bunyore ina mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kama mtu aliyapanga akaondoka kwenda kunywa chai. Kijana wa boda aliponiona natazama mawingu akaniambia nisihofu, mvua haitanyesha kabla ya saa tisa, kwao kuna ukoo wa Nganyi, wao mvua wanaijua. Nilikuwa nimesoma kuhusu Nganyi, kwamba hata watu wa idara ya hali ya hewa waliwahi kukaa nao chini na kulinganisha utabiri. Nikamuuliza kama yeye ni wa ukoo huo. "Hapana, madam. Mimi nimeangalia simu."

Langoni askari akaangalia mkoba wangu. "Wewe ni mzazi?"

"Ndiyo," nikasema. Na ni kweli ni mzazi, mwanangu yuko bodingi kilomita mia mbili kutoka pale. Nikasikia alama mbili za mshangao zikijiandika mahali fulani.

"Na hiyo ni nini?"

"Boga."

"Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama. Hata boga." Akalitoa akaliweka chini ya meza yake, kwa heshima, akanipa daftari la wageni. Kwenye sababu ya kuja nikaandika: kurudisha kitabu. Akasoma, akanitazama tena, akanifungulia.

Maktaba ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa na karatasi. Mwalimu wa maktaba, mama wa makamo mwenye sweta ya kufuma juu ya gauni, alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Akatazama muhuri, akatazama nambari iliyoandikwa kwa wino chini yake, akafungua regista kubwa. Kidole kikateremka taratibu.

"Hiki kilifungwa," akasema. "Kilipotea mwaka wa 2022. Kikalipwa."

"Kikalipwa na nani?"

"Na aliyekiazima. Alikuwa kidato cha nne. Wakimaliza wanazunguka na fomu ya kliarensi, kila idara inaweka sahihi. Ikifika hapa na kuna kitabu hakijarudi, sitii sahihi. Bila sahihi, cheti hatoki nacho."

Alilipa mia sita na hamsini, iliandikwa. Nikakumbuka mia yangu na ujanja wangu wa kupunguza.

"Ni yeye aliyekipoteza?"

"Alisema kiliibwa bwenini." Akavua miwani. "Wote husema hivyo." Akakifungua kitabu katikati, akaona penseli, akafunua kurasa kadhaa bila kusema kitu. "Labda siku nyingine huwa ni kweli."

Akaninyooshea kidole kwenye rafu. Kitabu kile kile, toleo jipya, jalada linang'aa. Kilinunuliwa kwa pesa zile. Nikaomba nikione. Nikafungua 112. Kilikuwa kisafi, hakuna aliyemgombeza mjane humo.

"Basi nikuachie na hiki," nikasema.

"Nikiandike wapi? Kwenye regista kimeshakwisha. Nikikiingiza upya wataniuliza kimetoka wapi, nami niseme kimetoka Nakuru na mama mwenye boga?" Kumbe askari alikuwa ameshampigia simu. "Kwa hesabu zangu, dada yangu, hiki ni cha yule msichana. Shule haimdai, wala haidai kitabu."

Nikainama niangalie jina lake kwenye regista. Mwalimu akaweka kidole gumba juu ya jina, taratibu, kama yule mtu wa Nakuru alivyoweka juu ya muhuri.

"Hilo siwezi kukupa."

"Akija siku moja, je?"

"Wakishachukua cheti hawarudi. Mimi pia sikurudi kwetu." Akachukua kalamu nyekundu, akaandika *Kimefutwa* juu ya muhuri, sahihi, tarehe. "Ili mtu asikushike nacho."

Alinisindikiza hadi mlangoni. Langoni askari akainama kunitolea boga, nikamwambia abaki nalo. Akauliza nina hakika. Nikamwambia mama yangu alilituma. Akafurahi sana, akauliza mama hajambo, nikasema hajambo. Mvua ilianza saa tisa kasorobo.

*

Luanda nilinunua penseli. Kwenye gari la kurudi Nakuru, kwenye ule mnyoofu wa Ahero, nikafungua 131 na kuandika pembeni: *Ona sasa.* Zaidi nilikosa la kuongeza. Baada ya Awasi barabara ikaanza kupanda, herufi zikaanza kuogelea, nikakifunga.

Yule mzee wa Molo sina nambari yake. Kwenye stakabadhi aliandikwa *keshi*. Jumatatu nilimwambia bosi kwamba nimemuuzia mtu mbegu isiyomfaa, akaniuliza amelalamika, nikasema hapana. Akasema basi. Mahindi ya kule hukawia kukomaa, kwa hiyo hata yeye mwenyewe hajajua bado. Huwa natazama mlango akiingia mtu yeyote aliyevaa koti la mvua la kijani.

Wiki iliyopita nilipita kwenye turubai nikiwa nimekishika kitabu. Muuzaji akakikumbuka kabla hajanikumbuka mimi.

"Madam, umemaliza? Leta, nakuchukulia na hamsini."

"Si changu."

Akacheka. "Si ulilipa mia hapa? Sasa ni cha nani?"

Nikamwambia simjui jina, ila najua alifika ukurasa wa 112.